Tunakatwa ushuru wa nyumba, basi tuitwe pia kwa meza ya kupanga

Wasee, leo tuongee keja.

Ukiwa umeajiriwa, asilimia 1.5 ya mshahara wako wote inaenda kwa ushuru wa nyumba kabla hata hujaiona. Mwajiri naye anaongeza kiasi hicho hicho. Msee wa 30,000 anakatwa 450, bosi anaweka 450. Hiyo ni 900 kwa mwezi, 10,800 kwa mwaka. Na sisi wa kujitafutia hatujaponea. Mahakama Kuu iliitupa sheria ya kwanza Novemba 2023, na moja ya sababu ni kwamba ilibagua wenye mishahara. Sheria mpya ya Machi 2024 ikatuweka sote kwa laini.

Najua kuna wenye wanangoja niseme huu ushuru ufutwe. Sisemi hivyo. Mimi niliacha chuo kwa sababu ya karo, na tangu hapo nimeishi kwa ploti ambapo milango kumi inagawana choo kimoja. Siwezi kukuambia Nairobi haihitaji nyumba. Mei 2025 watu wa Mukuru walipewa funguo za nyumba 1,080 za kwanza, kati ya 13,248 zinazojengwa pale, na malipo ya mwezi yanaanzia shilingi 3,900. Mtu ametoka kwa mabati akaingia kwa nyumba yenye maji na choo chake. Hiyo ni kitu ya maana, tusijifanye hatuoni.

Shida yangu ni hii: tunajenga tukianza na ghorofa, halafu mtu ndiye anatafutwa baadaye.

Hii sinema tushaiona. Mwaka wa 2009 familia za Soweto Mashariki, Kibera, zilihamishiwa nyumba 600 za ghorofa Lang'ata. Nyumba zilikuwa poa. Lakini wengine walipangisha vyumba vyao wakarudi Kibera. Watu wakawacheka ati hawajui maendeleo. Hebu fikiria kama wao. Mama anauza samaki mlangoni mwake Kibera, wateja wanapita mbele ya mlango. Kwa ghorofa ya nne atamuuzia nani? Sai ana bili ya stima, bili ya maji na nauli, na biashara imekufa. Akipangisha kile chumba, anapata doo ya kulisha watoto. Huyo mama hajakosa akili, amepiga hesabu tu. Wenye hawakupiga hesabu ni wale waliochora bila kumuuliza.

Sasa linganisha na Kambi Moto, kule Huruma. Ardhi ilikuwa ya umma, na wakazi walikuwa tayari wameunda vikundi vya akiba chini ya Muungano wa Wanavijiji, wakishikwa mkono na shirika la Pamoja Trust. Baraza la jiji likakubali kukaa nao chini. Walijihesabu wenyewe, nyumba kwa nyumba, mwenye nyumba na mpangaji, ndio mtu asiibuke baadaye na jina la kupewa na mkubwa. Kabla ya kujenga walisimamisha mfano wa nyumba kwa vitambaa, saizi kamili, watu wakaingia ndani kuona kama kitanda kitatosha. Ujenzi ulianza 2003. Vinyumba vidogo, vya kupanda juu: unaanza na chumba cha chini, ukipata unaongeza ngazi na chumba cha juu. Wakazi walitoa pia nguvu zao kwa mjengo ili gharama ishuke.

Pesa inatembeaje hapo? Benki haiwezi kumkopesha mama mboga mmoja mmoja, kwa sababu hana hati ya shamba wala barua ya kazi. Lakini anaweka akiba kidogo kidogo kwa kikundi, na kitabu kinaonyesha. Mfuko usio wa faida, kama Akiba Mashinani Trust, unakopa au unapata ruzuku kwa jina lake, unakopesha kikundi, na wanakikundi wanadhaminiana. Ukichelewa kulipa, jirani ndiye anagonga mlango kwanza, na mara nyingi anajua mtoto wako ni mgonjwa. Ni chama tu, lakini ya kujenga.

Kuna kitu kingine hawa wa mashirika wanajua ambayo mwanakandarasi halipwi kujua: keja peke yake haitoshi kwa kila mtu. Mlemavu anahitaji nyumba ya chini na mlango mpana. Kijana aliyetoka makao ya watoto akifika miaka 18 anahitaji kitanda, lakini pia mtu wa kumfuatilia hadi apate kazi. Mama aliyekimbia mume wa ngumi anahitaji mlango unaofungika na mtu wa kuongea naye. Familia iliyotoka mtaani ukiipa funguo bila hayo, miezi michache tu utaipata tena nje. Hiyo kazi ya kumshika mtu mkono baada ya kuhamia haiko kwa ramani ya ghorofa lolote.

Najua utaniambia nini: hata mashirika yanakula pesa, na Kambi Moto ni kijisehemu kidogo ukilinganisha na Mukuru. Ni kweli, vikundi vinaenda pole pole, kwa sababu watu mia wakikubaliana lazima wabishane kwanza. Na kuna NGO ambazo gari ni mpya kuliko mradi. Ndio maana sisemi serikali itoke. Ardhi Nairobi ni ghali sana mahali pengi, na ni ngumu chama kuiweza bei hiyo. Serikali iko na ardhi na iko na ushuru wetu. Vikundi viko na majina ya kweli na akiba. Mashirika yako na watu wa kufuatilia. Kila mmoja alete chake.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu. Sehemu ya huu ushuru itengwe kwa miradi ya vyama vya ushirika na vikundi vya akiba, kwa ardhi ya umma. Kila mradi utenge nyumba za wenye wanahitaji usaidizi, na bajeti ya kuwasaidia iwe ndani kutoka siku ya kwanza. Na hesabu zote, za serikali na za mashirika, zibandikwe mahali mpangaji wa kawaida anaweza kuzisoma.

Kizazi chetu ndicho kitakatwa hii pesa hadi uzee. Mkutano wa umma ukiitwa mtaani kwenu kuhusu nyumba, usiwaachie wazee na chifu. Enda, kaa mbele, uliza majina ya watakaoishi hapo yametoka wapi. Wakikosa jibu, usiondoke.