Bei ya Kilo Hupangwa na Nani?

Mashamba ya chai ya Gesima, katika nchi ya Wagusii, ni vipande vilivyogawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu. Mwenye kipande huita wachumaji wawili watatu, bei ya kilo ikakubaliwa hapo hapo uani, na jioni mizani ya kituo cha kununulia chai ndiyo itakayosema siku ilikuwa ya shilingi ngapi. Majani yakiwa yamelowa, kilo hukatwa. Karatasi hakuna. Huko Kericho, ambako vizazi vya Wagusii vimechuma chai, kazi ni ileile ya majani mawili na chipukizi, ila katika mashamba makubwa bei ya kilo imo kwenye mkataba wa pamoja kati ya waajiri na chama cha wafanyakazi wa mashamba, KPAWU. Kinachowatenganisha wachumaji hawa ni ile karatasi, si wepesi wa vidole.

Wengi wakisikia chama huwaza mgomo tu. Mgomo hupita; kilichoandikwa hubaki. Mwaka 1997 walimu chini ya chama chao, KNUT, waliikamua serikali ahadi ya nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, na mwaka uliofuata serikali ikaanza kuikwepa. Mwaka 2013, Rais Moi ameshaondoka madarakani na Kibaki pia, walimu waligoma tena wakidai posho zilizotajwa katika notisi ileile ya 1997. Mwalimu mmoja mmoja, hata awe hodari vipi wa maneno, asingeweza kudai deni kwa miaka 16.

Atakayebisha ana hoja, tena nzito. Februari 2023 BBC ilitangaza kwamba wanawake zaidi ya 70 wa mashamba ya chai ya Kericho walisema wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao, na chama kilikuwapo miaka yote hiyo. Viongozi nao hawang'oki: Francis Atwoli ameshika ukatibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, COTU, tangu 2001. Haya ni makosa ya kweli, lakini yanadai uchaguzi wenye ushindani na wanawake wachumaji kwenye meza ya majadiliano. Wasimamizi wale wangekuwa huru zaidi bila chama chochote. Kuhusu mashine za kuchumia, zilizochomwa Kericho Mei 2023, husemwa kwamba mishahara iliyopiganiwa na chama ndiyo iliyozileta. Huenda imezihimiza. Hata hivyo, mwenye mashine huzileta palipo na faida, na chama ndicho kinachoweza kuuliza faida hiyo itagawanywaje kabla kiberiti hakijawashwa.

Gesima ina ugumu wake. Sheria ya mahusiano ya kazi ya mwaka 2007 humlazimu mwajiri kukitambua chama kinapopata wengi wa wafanyakazi wake; wengi wa watu watatu ni wawili, na mwajiri mwenyewe ni jirani anayesubiri bonasi ya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, bonasi ambayo magharibi ya Bonde la Ufa kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya Mlima Kenya. Kumgomea huyo ni kumgomea maskini mwenzako. Ndiyo maana mapatano hapa yanafaa kufanyiwa kituoni: wakulima wote wanaopima kwenye mizani moja na wachumaji wao, mara moja kwa mwaka. Wazo hili si geni: Wagusii wanaijua egesangio, kulimiana kwa zamu ambako hapatarajiwi mtu kupunja zamu ya mwenzake. Bonasi ikitangazwa, kwenye ubao huohuo wa kituo ibandikwe pia bei ya kuchuma kilo moja, na kiasi kitakachokatwa majani yakilowa.