Mlango wa Utafutaji Nao Useme Kiswahili

Tovuti nyingi za ushairi wetu zimejengwa juu ya mfumo wa WordPress. Msomaji akitafuta neno "utenzi", juu ya ukurasa hutokea alama ya kuulizia, herufi s, alama ya usawa, kisha neno lake. Mfumo huo unaikubali pia anwani nadhifu zaidi, yenye neno "search", mkwaju, kisha "utenzi". Anwani zote mbili humfikisha, lakini hakuna hata moja inayomsemesha kwa lugha aliyoijia.

Wapo watakaonijibu kwa methali: nyumba njema si mlango. Nakubali. Hata hivyo, mlango ndio unaoguswa kwanza. Mwalimu huiandika anwani ubaoni, mwanafunzi huinakili daftarini, malenga humtumia mwenzake kwa simu. Anwani isemayo "tafuta/utenzi" hukumbukika kwa urahisi, na humweleza mtu aendako kabla hajafika.

Kazi yenyewe si kubwa. Mfumo huo una kigezo kiitwacho search_base, ambacho thamani yake ya awali ni "search". Fundi hukipa thamani "tafuta", kisha hufungua mipangilio ya viungo vya kudumu na kuihifadhi upya ili kanuni mpya zishike. Lakini asiishie hapo. Kisanduku cha kutafutia bado kitampeleka msomaji kwenye ile alama ya kuulizia, hivyo budi aongeze maelekezo ya kumhamishia kwenye anwani mpya. Viungo vya zamani navyo vielekezwe huko huko, visije vikafia njiani. Wala pasiwe na ukurasa mwingine uliokwisha kupewa jina "tafuta".

Faida na tuitambue kwa kiasi chake. Anwani ya utafutaji ni kama ghala: ukimtumia mtu "tafuta/ngonjera" leo, kesho huenda akakuta ngonjera zaidi. Kwa shairi moja, mpe anwani ya shairi lenyewe. Tena ritifaa ya "ng'ombe" huenda ikageuka asilimia ishirini na saba katika anwani, hilo tulivumilie.

Tumeshindania Kiswahili mahakamani, bungeni na vyuoni. Itakuwa ajabu tukikinyima nafasi katika tovuti tulizozijenga wenyewe kwa ajili yake. Wenye tovuti, mwambieni fundi wenu abadilishe neno hilo moja.