Gari Likichemsha, Usichemshe na Wewe

Najua wengi wenu mkifungua ukurasa wa maoni mnategemea siasa za nyumbani au vilio vya viza. Leo nivumilieni, nina neno kuhusu gari. Tena si gari lolote, ni lile Morris Minor la kijani ambalo baadhi yenu mmewahi kulisukuma.

Kwa wageni: tulichanga watu wanne tukalinunua. Ni la mwaka 1968, injini cc 1098. Morris Minor zilitengenezwa hapa Uingereza kuanzia 1948 hadi 1971, zaidi ya milioni moja na laki sita, kwa hiyo spea bado zipo na bei yake si ya kutisha. Gari likishapita miaka 40 halilipiwi kodi ya barabara, na tangu 2018 halilazimiki kukaguliwa kila mwaka kama halijabadilishwa sana. Ndilo linalopokea wanafunzi wapya stesheni, ndilo linalobeba masufuria ya pilau kwenye shughuli zetu. Mwezi wa kumi mwaka jana nusura tuliuze chuma chakavu, na kosa lilikuwa letu.

Ilikuwa hivi. Tunatoka Leeds kwenda Manchester kwa barabara ya M62, ile inayopanda milima ya Pennines mpaka mita 372, juu kuliko motorway yoyote ya England. Katikati ya mlima mvuke ukatoka kwenye boneti. Morris Minor haikutoka kiwandani na geji ya joto, kwa hiyo mvuke ndiyo taarifa yako ya kwanza. Tukaegesha pembeni, tukasubiri nusu saa, tukaongeza maji, tukarudi polepole.

Wenzangu wakanitazama mimi, mtoto wa gereji. Na mimi bwana, bila kupima chochote, nikatoa dawa ninayoijua: nikachomoa themostati. Si mnajua mambo ya nyumbani? Gari likichemsha, kitu cha kwanza ni "toa hiyo kitu, nchi yetu ya joto." Nikawaambia limepona. Kweli, wiki tatu mjini halikuchemsha. Ila hita ilikuwa inapuliza baridi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Siku ya kurudi Manchester, mlima ule ule, mvuke ule ule.

Tukalipeleka gereji moja, jina naliacha. Fundi akafungua kifuniko cha oili, akaona uji mweupe chini yake, akasema gasketi ya silinda hedi imeungua, pauni 700. Dakika tano tu! Mwenzetu mmoja akasema heri tuliuze. Tulikuwa tumeshakubaliana, nikaona nimpigie mjomba wangu Tanga, ambaye amefungua Land Rover na Peugeot tangu sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba. Gari linachemsha, wanasema gasketi."

"Marahaba. Linachemsha lini?"

Sikuelewa. Akarudia: likiwa kwenye foleni limesimama, au likienda mbio, au likipanda mlima, au dakika mbili tu baada ya kuliwasha? Nikasema mlimani tu, mjini halichemshi. Akasema basi feni siyo mshukiwa wa kwanza. Gari linalochemsha likiwa limesimama linakosa upepo: tazama feni na mkanda wake. Linalochemsha kwenye mbio na mlima, mara nyingi maji hayazunguki vya kutosha: tazama rejeta, mipira, pampu, themostati. Linalochemsha mara tu baada ya kuwashwa, hapo ndipo uwe na wasiwasi wa themostati iliyoganda imefungwa, au gasketi kweli.

"Dipstiki inasemaje?" Nikaenda kuichomoa. Oili safi, haina maziwa. "Ukifungua rejeta injini ikiwa baridi, kisha ukawasha, maji yanatoa mapovu mfululizo?" Hapana. "Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu?" Hapana. Tukanunua na ile dawa ya kupimia, ya buluu, inayogeuka njano ikikutana na moshi wa injini ndani ya rejeta. Ikabaki buluu.

Na ule uji mweupe je? Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Injini isiyopata joto kamili, ikitembea safari fupi fupi kwenye baridi, hukusanya mvuke unaoganda chini ya kifuniko na kuchanganyika na oili. Themostati ni mlango: hukaa imefungwa mpaka maji yafike kama nyuzi 82, ili injini ipate joto haraka. Mimi nilikuwa nimeung'oa mlango wakati wa baridi ya Leeds. Ushahidi aliouona fundi wa gereji niliutengeneza mimi mwenyewe kwa mikono yangu! Nilikisia, yeye akakisia juu ya kisio langu, na bili ikawa pauni 700.

Mjomba akaniambia nipashe injini, nizime, kisha nipitishe mkono mbele ya rejeta kwa uangalifu. Juu moto, chini na upande mmoja baridi kabisa. Maji hayapiti pale. Mjini, kwa mwendo mdogo, nusu ya rejeta ilitosha. Mlimani haikutosha.

Jumamosi tukaitoa, tukaigeuza, tukaingiza mpira wa bustani kwa chini ili maji yapite kinyumenyume. Kilichotoka ni tope la kutu kama la mto Pangani wakati wa masika. Bomba la kutolea maji kwenye bloku nalo lilikuwa limeziba, tukalizibua kwa waya. Tukanunua themostati mpya ya nyuzi 82, na safari hii tukaipima kwanza: kwenye sufuria ya maji na kipimajoto, tukaiona inafunguka kwa macho yetu. Tukajaza antifrizi nusu kwa nusu na maji. Gharama yote haikufika hata moja ya kumi ya zile 700. Mwezi wa pili tumepanda M62 mara mbili na masufuria, bila mvuke.

Sasa maoni yangu. Simlaumu fundi wa nyumbani anayechomoa themostati. Spea ni adimu, mteja anataka gari leo, na kwenye joto la Tanga madhara yake hayaonekani haraka: petroli inaliwa zaidi, injini inachakaa, basi. Na fundi wa hapa naye ana magari kumi yanamsubiri. Ninachokilaumu ni sisi tunaokaa katikati. Tukiwa na wa kwetu tunasema "anajua," tukiwa na wa hapa tunasema "ana mashine," na kote kuwili tunatoa pesa bila kuuliza swali moja: umepimaje?

Swali hilo si dharau. Fundi mzuri hulipenda, kwa sababu jibu analo. Asiye na jibu, mwambie asante, rudi kesho.

Kwa wenye magari ya zamani, anzeni na vya bure: maji yamo? Mkanda wa feni, ukiubonyeza katikati, unaingia zaidi ya sentimita moja na kitu? Mipira imelainika au inajibana? Mfuniko wa rejeta mpira wake ni mzima? Mfuniko ule hubana maji ili yachelewe kuchemka, na ukichoka maji huchemka kama ya sufuria: nyuzi 100 pwani, yapata 94 tu Nairobi. Baada ya hapo rejeta, kisha themostati kwenye sufuria, kisha taiming, maana moto ukichelewa injini hupata joto. Hedi ifunguliwe mwisho, tena baada ya vipimo.

Na jamani, usifungue mfuniko injini ikiwa moto; maji yale yanaunguza uso. Antifrizi ni sumu tena ni tamu, usiiache mahali mtoto au paka atafika.

Kipimajoto na ile dawa ya buluu ninavyo, vimebaki. Mwenye gari linalochemsha aje Jumamosi kabla hajalipa mtu. Aje na glavu, na awe na jibu la swali la mjomba: linachemsha lini?