Pangani, Kabla Hatujafika Ukweni

Barua zenu za kuuliza wapi pa kumpeleka mwenza wikiendi ndefu nimezipata, na karibu zote zimeshajijibu zenyewe: Zanzibar. Sawa, Zanzibar haikimbii. Mimi leo nawapeleka Pangani. Ila nawaonya mapema, safari yenyewe haikuanza vizuri.

Ilikuwa 2019. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetimiza miaka mitano ya ndoa, na tulikuwa tunakwenda Tanga mjini, kwao, kwenye harusi ya mdogo wake wa kike. Mtoto alishatangulia na bibi yake. Kwa mara ya kwanza tangu nijifungue tulikuwa wawili tu ndani ya gari, kwa hiyo tukapanga kulala siku mbili Pangani kabla ya kukabidhiwa kwa wakwe na mapishi. Tukatoka Dar alfajiri, Chalinze tukanywa chai, Segera tukakunja kulia, Muheza tukasimama kununua machungwa. Kupita Muheza bila machungwa ni dharau bwana.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mume wangu alikuwa nje anapatana bei, simu yake imebaki kwenye kiti. Meseji ikaingia. Sikuwa napekua jamani, kioo kiliwaka chenyewe na macho yakasoma. Ilikuwa ya benki: makato ya mkopo ya mwezi huo yamepita. Mkopo gani? Sisi wenye daftari la matumizi jikoni, tunaoandika mpaka hela ya vocha?

Alivyorudi nikamuuliza. Akaweka machungwa nyuma, akawasha gari, akaendesha kidogo ndipo akasema, “Milioni sita. Kaka injini ya daladala ilimfia mwaka jana, nikamsaidia.”

“Nani mwingine anajua?”

“Nyumbani wanajua.”

Yaani ukweni wanajua, mama mkwe anajua, hata bibi harusi anajua! Na mimi niliyejinyima gauni la harusi kwa sababu “mwezi huu tumebanwa” ndiye pekee nisiyejua. Nikageukia dirishani. Kama umeoa au umeolewa, ule ukimya unaujua.

Kutoka Muheza kwenda Pangani ni zaidi ya kilomita 40, na wakati ule ilikuwa vumbi tupu, katikati ya mashamba ya mkonge. Mume wangu akaanza kunisimulia historia ya mkonge kama msoma taarifa ya habari, kuziba ukimya tu. Kwamba Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 mwaka 1893, ikafika 62 tu iliyo hai, ikapandwa huko huko upande wa Pangani, na mashamba yote yale yakaanzia hapo. Siku nyingine ningeuliza maswali kumi. Siku ile nilikuwa napiga hesabu ya milioni sita na riba yake.

Pangani ni mji mdogo uliokaa pale mto unapoingia baharini. Maji ya mto yanatoka mbali, Kilimanjaro na Meru, na yakifika hapo ni ya rangi ya chai ya maziwa. Kuna nyumba za zamani zenye milango ya nakshi, nyingine zimebaki kuta. Ni mji wa Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani dhidi ya Wajerumani mwaka 1888, nao wakamnyongea hapo hapo Pangani, Desemba 1889. Tembeeni kwa miguu jioni, jua likipoa. Sisi tulitembea hatua tano mbali mbali.

Kisha tukavuka kwa pantoni kwenda Bweni, sisi na baiskeli na matenga ya samaki, tukashika njia ya Ushongo. Ushongo ndiko kwenyewe: minazi, mchanga mweupe, banda la makuti, bahari mlangoni. Chakula cha usiku kilikuwa pweza wa nazi na wali, na nina hakika kilikuwa kitamu. Tulilala tumepeana migongo.

Asubuhi tulishalipia boti ya kwenda Maziwe, na hela ikishalipwa hakuna kununa. Maziwe ni kisiwa cha mchanga mbele ya Ushongo, ni hifadhi ya bahari. Zamani kilikuwa na miti, na kasa walikuja kwa wingi kutaga. Miti ikaisha, mchanga ukaanza kuliwa, na sasa maji yakijaa kisiwa chote kinazama. Kasa hawajui habari hizo, bado wanakuja kutaga, ndiyo maana watu wa uhifadhi huyachukua mayai na kuyafukia upya pwani ya Ushongo. Mkitaka kwenda, ulizeni kwanza habari za maji. Siku za bamvua bahari hutoka mbali, na saa nne, saa tano asubuhi mchanga unakuwa wazi. Siku za maji mafu mambo ni tofauti, msikilizeni nahodha. Chukueni kofia na maji ya kunywa. Kivuli hakuna hata cha dawa.

Na hicho ndicho kilichotusaidia, nadhani. Hakuna mti wa kujificha, hakuna mtandao wa kujifanya unajibu meseji, hakuna mlango wa kubamiza. Nahodha alijilaza kwenye boti yake, tukabaki wawili juu ya mchanga. Nikasema yote. Kwamba injini ningeielewa, shemeji yangu ana watoto wanne. Kisichoeleweka ni kukaa mezani na mama mkwe kila Idi, mimi peke yangu ndiye mgeni.

Hakujitetea. Akachora chora mchanga kwa kidole, kisha akauliza taratibu, “Na kikoba chako, Mama Zawadi? Kila mwisho wa mwaka mnagawana. Hela inakwenda wapi? Sijawahi kukuuliza.”

Msomaji, nilitamani maji yajae hapo hapo.

Nina kiwanja Kibaha. Nilikinunua kidogo kidogo, na hati nikaiandika jina la mama yangu. Baba alipofariki, ndugu zake walimtoa mama kwenye nyumba aliyojenga naye, akaondoka na mabegi mawili na sisi watatu. Nilikuwa darasa la sita. Nikamweleza haya yote kwa sauti ambayo si yangu.

“Unadhani ndugu zangu watakutoa?” akauliza.

“Sijui,” nikamjibu. Ilikuwa kweli, na iliniuma kuisema kuliko ile ya benki ilivyoniuma kuisoma.

Akanyamaza muda mrefu. Sijawahi kumwona amenyamaza vile, wala si kwa hasira. Nahodha akapiga mluzi, maji yalikuwa yameanza kurudi na mchanga uliobaki ulikuwa kama mkeka. Mume wangu akasimama, akanipa mkono niinuke. Sikuukataa.

Kuna watakaoniandikia kwamba mke na mume ni mfuko mmoja, kila senti mezani. Mimi sikufika huko na sijui kama nitafika. Kwenye pantoni ya kurudi tulikubaliana mambo mawili tu: nitaona karatasi zote za mkopo, na atasema mbele ya mama yake kwamba sasa najua.

Alisema usiku ule ule tulipofika Tanga, nyumba imejaa wageni, watu wanamenya vitunguu. Mama mkwe hakushtuka. Akapangusa mikono kwenye kanga, akamwambia mwanawe, “Nilikukataza usimfiche.” Kisha akanisogezea kigoda nikae karibu yake, tukaendelea na vitunguu. Shemeji alinikwepa siku zote za harusi, na mpaka leo salamu zake kwangu ni fupi.

Mkopo tuliumaliza 2021. Kiwanja kipo. Mwaka jana mume wangu alikwenda mwenyewe Kibaha na miche mitatu ya miembe kwenye buti, akachimba, akapanda, akarudi na mgongo unamuuma. Hati bado ina jina la mama, na hajaniambia niibadili.