Baa ya mpira Nkuhungu iwe pale shabiki anaporudi kwa miguu

MJOMBA wangu amestaafu. Kiinua mgongo kimeingia na, kama wastaafu wengi wa Dodoma, kabla hajapumzika hata mwezi tayari ana mradi kichwani. Anataka kufungua baa ya mpira Nkuhungu. Skrini mbili kubwa, jiko la nyama choma, viti vya watu mia. Kwa kuwa mimi ndiye mwandishi wa mpira kwenye ukoo, nimeitwa kama mtaalamu.

“Mjomba, wewe unawajua watu wa mpira,” aliniambia. “Nipe ushauri, niiweke wapi?”

Nilipofika nikagundua jibu alikuwa nalo tayari. Ameonyeshwa kiwanja pembeni ya lami, magari yanapita muda wote, na marafiki zake wote wamemwambia achukue haraka kabla hajawahiwa. Mimi nilimwambia asichukue. Tangu siku hiyo hatujaelewana vizuri, na mama yangu ameshanipigia simu kuniuliza nimemwambia nini kaka yake.

Nimeona niandike hapa kwa sababu mjomba si peke yake. Jiji linakua, watu wenye fedha za kiinua mgongo ni wengi, na kila kona anayetaka kufungua sehemu ya kuangalia mpira anaanza na sentensi hiyohiyo: tafuta barabara kubwa. Kwa baa ya kawaida sawa. Kwa baa ya mpira, hapana.

Shabiki ni mteja tofauti. Anayepita na gari anaweza kusimama akanywa soda, akala mishkaki miwili, akaondoka. Mpira unataka mtu akae dakika 90, na kabla yake nusu saa ya kubishana kikosi, na baada yake nusu saa ya kumlaumu refa. Huyo hatoki kwenye gari linalopita. Huyo anaishi jirani. Na jambo linaloamua kama atakuja au atabaki kwake ni moja tu: atarudije nyumbani.

Angalieni saa zetu. Mechi nyingi za Ligi ya Mabingwa Ulaya, wakati wa baridi yao, zinaanza saa 5 usiku kwa saa za kwetu. Filimbi ya mwisho inapulizwa saa 7 kasoro. Ikiwa ni hatua ya mtoano na ikaenda dakika 120 na penalti, saa 7 na nusu imepita mtu bado yuko kwenye kiti. Muda huo daladala hakuna. Bodaboda zipo, lakini bei ni ya usiku, na kuna watu ambao hata kwa bei hiyo hawapandi.

Nina mfano wa nyumbani. Juni 3, 2023, Yanga ilikuwa Algiers, fainali ya pili ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Kwa Mkapa ilikuwa imepoteza 2-1. Mechi ilianza saa 4 usiku, na mapema tu Djuma Shaban akafunga penalti. Dada yangu, Yanga damu, alikuwa ameketi na sisi kwenye baa moja ya kando ya barabara, mbali kidogo na tunapokaa. Timu yake inaongoza ugenini, inahitaji bao moja tu zaidi kubeba kombe la Afrika. Mapumziko yalipofika akabeba pochi akaondoka. Si kwamba alichoka. Aliona tukimaliza karibu saa 6 usiku atatembea gizani, au atapanda boda ya mtu asiyemjua. Kipindi cha pili akakisikiliza kitandani, kwenye redio ya simu. Yanga ikashinda 1-0 na ikakosa kombe kwa bao la ugenini, na dada yangu hakuuona mpira mmoja wa dakika zile 45.

Mwenye baa ile alipoteza nini? Soda mbili, labda na sahani ya chipsi. Lakini dada hakurudi tena pale, na hakuwa mwanamke pekee aliyeinuka mapumziko. Sijui kwa nini wenye baa za mpira wanahesabu wateja wanaoingia na hawahesabu wanaoondoka kabla ya dakika ya 90.

Kwa hiyo nilimpeleka mjomba kutembea. Tukaacha gari. Nkuhungu si sehemu ya kuchagua kiwanja ukiwa umekaa kwenye kiti cha mbele. Ni kata ya makazi, watu wengi kazi zao ziko mjini au kule Mtumba, upande wa pili wa jiji. Ofisi za serikali zinafungwa saa 9 na nusu alasiri. Mechi ya Ligi Kuu ya saa 10 siku ya kazi inamkuta mtu bado yuko njiani. Akifika kwake anaoga, anavaa ndala, anatoka. Ndala hizo ndizo ramani ya biashara. Mtu wa ndala hatembei kilomita mbili kufuata skrini.

Tulivyotembea nikawa namwonyesha vibanda umiza. Hawa ndio wataalamu wa kweli wa jambo hili, ingawa hakuna anayewauliza. Kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, kiingilio jero au buku mechi ikiwa kubwa, na siku ya Simba na Yanga watu wanasimama nje. Kibanda umiza hakijawahi kukaa pasipo na watu, kwa sababu mwenyewe hana fedha za kukosea. Kinakaa pale njia za miguu zinapokutana: karibu na genge, karibu na mashine ya kusaga, karibu na kijiwe cha boda. Nilimwambia mjomba, fuata vibanda. Si uvifuate ili uviue, maana kijana wa jero ana haki ya kuona mpira kwa jero yake na hutamgeuza kuwa mla nusu kilo ya mbuzi. Vifuate kwa sababu vinakuonyesha watu wanapotembea usiku bila woga.

Hapo mjomba akanibana, na alikuwa na hoja. “Kule ndani kuna nyumba za watu. Goli likiingia saa 6 usiku, hao waliolala?”

Kweli kabisa. Watu wanadhani kelele ya baa ya mpira ni muziki. Muziki unazimika ukiambiwa. Kelele ya goli haina kitufe. Watu mia wanaruka kwa pamoja, na mtoto wa jirani anaamka analia. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zipo tangu mwaka 2015, NEMC imeshafungia baa kadhaa nchini kwa sababu hiyo, na mtu aliyeweka kiinua mgongo chake chote hawezi kucheza na kufuli. Tulipokuwa tumesimama kwenye kiwanja kimoja cha ndani, mzee mmoja wa jirani akatoka kutusalimia. “Mbukwenyi!” Tukaitikia, akauliza tunatafuta nini. Tulipomwambia, tabasamu likaisha. Hakusema neno baya. Aliuliza tu, “Na choo mtaweka upande gani?” Mjomba alikifuta kiwanja hicho palepale, na mimi sikubishana.

Sasa tufanyeje, lami hapana na katikati ya nyumba hapana? Jibu tulilipata kwa bahati, tumechoka, tunatafuta maji ya kunywa. Kuna safu ya gereji, mafundi wa kuchomelea mageti, yadi ya mbao, na maduka machache mbele yake. Mchana ni kelele tupu. Jua likizama wanafunga wote na kwenda makwao. Hao ndio majirani wa baa ya mpira: waliopo mchana wewe ukiwa umefunga, wasiokuwepo usiku wewe ukiwa na watu. Kutoka hapo hadi nyumba nyingi ni mwendo wa dakika kumi, njia ina taa za maduka, na kijiwe cha boda wenye vizibao kiko pembeni, vijana ambao wateja wanawajua kwa majina.

Mambo mengine ni ya kiufundi lakini yanaumiza yakisahaulika. La kwanza, maji. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na kiangazi kila kiwanja kinaonekana kizuri. Nkuhungu ina maeneo ya bondeni ambayo maji yanatuama. Angalia kuta za nyumba za jirani, alama ya tope itakuambia maji yalifika wapi. Msimu huohuo ndio ligi za Ulaya zimepamba moto, huwezi kufunga wiki mbili ukisubiri pakauke.

La pili, jua. Hili wanalisahau karibu wote. Mechi nyingi za Ligi Kuu zinachezwa kuanzia saa 10 jioni, jua likiwa magharibi na likipiga chini. Ukiweka skrini inatazama magharibi, mtu anaona kivuli chake badala ya Feisal. Skrini itazame kaskazini au kusini, upande wa magharibi uwe na ukuta. Upepo wetu nao kwa sehemu kubwa ya mwaka unatoka mashariki, kwa hiyo jiko la kuchomea liwe magharibi ya viti, la sivyo wateja watalia moshi wakidhaniwa wanalilia timu. Kiwanja chembamba kisichoruhusu mpangilio huo, kiache hata kama ni bei ya bure.

La tatu ni karatasi. Dodoma ilipimwa na CDA kwa miaka mingi kabla haijavunjwa Mei 2017 na kazi zake kwenda kwenye halmashauri, ambayo sasa ni ya jiji. Viwanja vina matumizi yake, na kiwanja cha makazi hakigeuki baa kwa sababu mwenye nacho amesema “hamna shida”. Nenda jiji kwanza. Na ukiwa huko uliza leseni ya vileo inakuruhusu kufunga saa ngapi, maana kama Ligi ya Mabingwa itakukuta umeshatakiwa kufunga, basi biashara yako ni Jumamosi na Jumapili.

Jumamosi si haba. Wakati wa baridi ya Ulaya mechi za England zinaanza saa 9 na nusu alasiri, zinafuata za saa 12 jioni, halafu ya saa 2 na nusu usiku. Mpinzani wa mchana huo ni mnada wa Msalato, na kwa nyama hutaushinda, usijaribu. Lakini walioenda Msalato wanarudi jioni, na AFCON ya 2027 itachezwa hapa kwetu, Kenya na Uganda, kwa saa zetu wenyewe.

Mjomba hajaamua. Mwenye kiwanja cha lami anampigia kila siku, anasema kuna mtu mwingine ameleta hundi. Mimi nimemwomba kitu kimoja. Usiku wa Ligi ya Mabingwa unaofuata tukaangalie mpira kwenye kibanda kilicho karibu na zile gereji, hadi filimbi ya mwisho, kisha turudi kwake kwa miguu. Amekubali, kwa sharti kwamba dada yangu naye aje.