Anayesoma damu ya ng'ombe apewe cheo chake

Vyuo vikuu vyetu vinavyofundisha udaktari wa mifugo vinawanyima vyeo walimu ambao bila wao shahada hiyo haina maana. Tunalisema wazi kwa sababu limezungukwa mno kwenye vikao, na kila kikao kinaishia kwenye chai.

Mwalimu tunayemzungumzia ni mhadhiri wa patholojia ya kliniki. Ndiye anayepokea damu, mkojo, na seli zilizovutwa kwa sindano kutoka kwenye uvimbe, akazisoma, kisha akampigia simu daktari aliyeko zizini kumwambia mnyama anaumwa nini. Mfugaji hamjui. Waziri hajawahi kupiga naye picha. Lakini katika nchi yenye ng'ombe zaidi ya milioni 30 kama Tanzania, madaktari wote wanaotibu ng'ombe hao wanatakiwa wawe wamepita mbele ya hadubini yake.

Tuchukue ndama mwenye homa, tezi zimemvimba chini ya sikio. Daktari anachoma sindano kwenye tezi, anavuta tone, analipaka kwenye slaidi na kulipunga hewani likauke. Maabara inaitia slaidi metanoli, halafu rangi ya Giemsa, inasubiri nusu saa hivi, inasuuza. Kwenye lenzi ya mafuta, ndani ya chembe nyeupe, yanaonekana madoa ya samawati yenye chengachenga za zambarau. Hiyo ni ndigana kali. Asiyefundishwa kuyaona atapita juu yake mara kumi, na ndama atachomwa oksitetrasaiklini kwa kuwa ndiyo iliyopo dukani na bei yake inavumilika. Ugonjwa ukishapamba moto, dawa hiyo haimponyi. Atakufa, na mwenye mali ataapa kuwa aliuziwa dawa feki. Wakati huo huo vijidudu vingine vilivyokuwa mwilini mwake vimepata somo la bure la usugu.

Madoa hayo yanaitwa kwa jina la Robert Koch, na hapo pana la kujifunza. Mwaka 1897, akiwa Dar es Salaam, Koch aliona vimelea vidogo kwenye damu ya ng'ombe, akadhani ni hatua changa ya ugonjwa wa mkojo mwekundu. Ilipita miaka kadhaa kabla ya Arnold Theiler, huko Afrika Kusini, kuonyesha kuwa huo ni ugonjwa mwingine. Ikiwa jicho la Koch lilihitaji kusahihishwa, mwanafunzi wa chuo cha Morogoro au Kabete atasahihishwa na picha za projekta?

Atasahihishwa na mtu aliyekaa naye bega kwa bega. Mtu huyo anapungua, na sababu inajulikana. Kamati ya kupandisha vyeo ikikutana, inahesabu makala zilizochapishwa kwenye majarida. Mhadhiri aliyeanza asubuhi na slaidi, akasaini ripoti, akapokea simu za madaktari wa wilayani na kuwarudisha wanafunzi waliopaka damu nzito kama uji, anaingia kwenye kikao hicho akiwa hana la kuonyesha. Mwenzake aliyezigandisha sampuli zile zile na kuzipeleka nje kusomwa vinasaba anatoka na makala, na baada ya miaka michache ni mhadhiri mwandamizi. Hatuna ugomvi na vinasaba. Ugomvi wetu ni na mizani inayopima upande mmoja tu wa kazi, halafu wakuu wa vyuo wanashangaa kwa nini vijana wote wanakimbilia huko.

Utetezi wa kwanza tunaousikia ni kwamba mashine zitaziba pengo. Anayesema hivyo hajawahi kuingiza damu ya mbuzi kwenye mashine iliyopangwa kwa ajili ya binadamu. Ujazo wa chembe nyekundu ya mbuzi ni kama robo tu ya ile ya mtu, kwa hiyo mashine inaziruka nyingi kana kwamba ni uchafu, na karatasi inatoka ikidai mnyama mzima ana upungufu mkubwa wa damu. Ya kuku ni kinyume chake: chembe zao nyekundu zina kiini, mashine inazichukulia kuwa nyeupe, na kuku anaonekana kama ana saratani ya damu. Ni mtaalamu anayelijua hilo, na ndiye anayeichana karatasi na kurudi kwenye hadubini.

Utetezi wa pili una sura ya heshima zaidi: chuo kikuu ni mahali pa utafiti, huduma ifanywe na wakala wa maabara wa serikali. Sawa. Basi watuambie vile viwango vya kawaida vya damu wanavyofundishia vilitoka wapi. Vingi vinatoka kwenye vitabu vya Ulaya na Marekani, vilivyopimwa kwa ng'ombe wa maziwa wa nchi za baridi. Ng'ombe wetu wa asili, anayeishi na kupe na mbung'o mwaka mzima na kutembea kutwa kutafuta maji, anahukumiwa kwa kipimo cha ng'ombe mgeni. Kutengeneza kipimo chake ni utafiti halisi: mwongozo wa fani unapendekeza wanyama wazima wenye afya wasiopungua 120, na damu inayofika maabara kabla haijaharibika kwa joto na mitikisiko ya barabara. Bila maabara inayopokea sampuli kila siku, kazi hiyo haianzi.

Marekani, daktari wa mifugo anayetaka ubobezi katika fani hii hukaa miaka 3 hivi maabarani baada ya shahada yake, kisha anafanya mtihani wa chombo cha wanapatholojia kilichoundwa 1949. Vyuo vingi huko vina ngazi maalumu ya wahadhiri wa kliniki, ambao huduma yao inahesabiwa wanapopandishwa. Hata hivyo maabara za biashara zinawanyakua kwa mishahara minono. Sisi hatujafika kwenye shida hiyo. Wetu wanaondoka bila hata kuchukuliwa na mtu. Wanahamia utawala, miradi ya wafadhili, au wanabaki ofisini huku hadubini ikipata ukungu kwenye lenzi.

Msimamo wetu ni kwamba ripoti ya uchunguzi iliyosainiwa na mhadhiri na kukaguliwa na wenzake ihesabiwe pointi, kama makala inavyohesabiwa. Ada anayolipa mfugaji kwa kipimo irudi maabara kununua rangi na vitendanishi, isipotelee kwenye mfuko mkuu wa chuo. Na mhadhiri apewe saa za benchi kwenye ratiba yake rasmi, badala ya kuzifanya kwa hisani baada ya vipindi. Hakuna hata moja kati ya haya linalosubiri sheria mpya wala mfadhili. Mabaraza ya vyuo na seneti zao ndizo zenye neno la mwisho kuhusu nani anastahili kupanda, na zimenyamaza. Zikiendelea hivyo, zisije kwetu kulalamika kuwa zimetangaza nafasi ya mhadhiri wa patholojia ya kliniki na hajatokea mwombaji.