HODI YA SAA MOJA USIKU (Sehemu ya 3): Muacheni mjane wa watu

Mama zangu na wadogo zangu, nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma maoni yenu ya sehemu ya 2, na leo sibembelezi mtu.

Kwa aliyechelewa: ni Nairn, mji mdogo wa pwani kule Scotland, Jumapili tarehe 28 Novemba 2004, kwenye saa moja usiku. Baba wa miaka 30, mfanyakazi wa benki, yuko juu anawalaza wanawe, mmoja miaka 4, mwingine 2. Mlango unagongwa. Mkewe anafungua. Mwanamume aliyesimama nje anamtaja mumewe kwa jina. Baba anashuka, anapewa bahasha tupu imeandikwa "Paul". Yeye siye Paul. Anarudi ndani, anamwonyesha mkewe, wote hawaelewi, anatoka tena mlangoni. Akapigwa risasi palepale. Siku kama kumi baadaye bastola ikapatikana kwenye mtaro wa mjini, kibastola cha zamani cha Kijerumani. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa.

Na nyie mmeandika nini? "Mke anajua." "Si ndiye aliyefungua mlango? Jiongezeni."

Hivi wewe jana ulifungua mlango mara ngapi? Wa mkaa, jirani wa chumvi, mtoto wa shangazi. Ndiyo ushahidi huo?

Mimi hawa wajane nawapokea. Analetwa mume kavamiwa mlangoni, mke yuko nyuma na kanga moja, damu imemkaukia mikononi. Sijamaliza kupima presha, ndugu wa mume wako koridoni: "Mbona yeye hajaguswa?" Nimesikia kwa masikio yangu, si mara moja.

Kuna dada mmoja mumewe hakupona, na muuaji hakupatikana. Baada ya arobaini nilimkuta kliniki na kichanga cha miezi mitano, uzito umeshuka kadi nzima inatisha. Maziwa yalikuwa hayashuki, na mnajua msongo unavyofanya. Ukweni wamemfungia chumba chake. Gengeni akifika watu wananyamaza. Akaniuliza, "Sista, kwa hiyo wangenipiga na mimi ndiyo ningeaminika?" Nilikosa jibu, nikaendelea kuandika kadi.

Najua mtaniambia polisi nao huanza na wa nyumbani. Sawa, ndiyo kazi yao, wanauliza na wanapima. Wewe una nini zaidi ya bando?

Halafu hamfikirii jambo hili: yule aliyeona pikipiki inakimbia usiku ule, au aliyesikia mtu akijigamba kilabuni, akishasikia mtaa mzima unasema ni mke, anajisemea basi yameisha, ya nini nijitie matatani. Ananyamaza. Umbea wako ndio umempa muuaji pa kujificha, na wewe unajiona umesaidia upelelezi.

Wale watoto wa Nairn wamekua bila jibu. Mwaka 2017 mkubwa, kijana sasa, alijitokeza na mama yake mbele ya waandishi wa habari kuomba mwenye kujua aseme. Mwaka 2025, zaidi ya miaka 20 baadaye, uchunguzi ukakabidhiwa timu mpya. Ni watu wazima leo, wana simu kama wewe. Na yule wa kliniki kwetu naye atakua, atasoma, atakuta jina la mama yake kwenye maoni ya shangazi zake.

Kama kuna mlango mtaani kwako ulioingiwa na msiba wa namna hii, na kuna kitu uliona, nenda kituoni ukaseme, hata kama ni kidogo. Kama hukuona, beba unga na maziwa, piga hodi mchana, ujitaje jina kabla hajafungua. Anaogopa hodi, yule.

Maoni yote ya "mke anajua" nimeyafuta. Atakayerudia namtoa. Sehemu ya 4 Alhamisi: mtoto akikuuliza "nani alimuua baba" na wewe hujui, unamjibuje.